Simu ya Baba na Hesabu za Mtoto: Je, Michezo ya Kidijitali Inafaa Kumfundishia Mtoto wa Kijijini?







Miongoni mwa mambo ambayo wazazi wanauliza mno siku hizi ni hili la simu na watoto. Wengine wanataka kujua hukmu ya michezo ya kwenye simu. Wengine wamesikia kuwa ipo michezo inayomfundisha mtoto hesabu, nao wanaogopa mambo mawili kwa wakati mmoja: wakimpa mtoto simu ataharibika, na wakimnyima atabaki nyuma ya wenzake. Khofu zote mbili zina msingi. Kwa hiyo tumeonelea tulieleze suala hili kwa upana kidogo, tuangalie hesabu ina nafasi gani katika Dini yetu, michezo hii inafanya kazi vipi, imejaribiwa wapi na ikaleta nini, na ni mipaka gani mzazi Muislamu anapaswa kuichunga.

Tutamfikiria mzazi wa Kaniha, kata iliyomo wilayani Biharamulo, mkoani Kagera. Huyu ni mkulima wa mahindi na maharage, ana mbuzi na ng'ombe kadhaa, na nyumbani kwake ipo simu moja tu ya kupangusa, nayo huchajiwa kwa sola. Bando hununua pale anapopata. Mtoto wake yuko darasa la 3, darasa lao limejaa, na mwalimu hawezi kumfikia kila mmoja. Tukiweza kumjibu mzazi huyu, basi wa mjini atakuwa ameshajibiwa.

HESABU SI SOMO LA DUNIA PEKE YAKE

Wapo wanaodhani kuwa hesabu ni elimu ya shule, na kwamba mtoto wa madrasa anatosheka na kusoma Qur-aan na kujua kuswali. Hili si sahihi. Allah (Subhaanahu wa Ta'ala) ametukumbusha katika Suwrat Yuwnus, Aayah ya 5, kwamba amelijaalia jua kuwa mwanga na mwezi kuwa nuru na akaupimia vituo vyake ili watu wajue idadi ya miaka na hesabu. Kuhesabu ni neema iliyotajwa pamoja na neema ya jua na mwezi.

Kisha zitazame nguzo zenyewe. Zakaah haitoki bila ya hesabu. Mtu ambaye fedha zake zimefikia nisabu na zimepitiwa na mwaka hutoa sehemu moja katika arobaini. Akiwa na shilingi 8,000,000 anagawa kwa 40, zakaah yake ni shilingi 200,000. Mfugaji naye ana hesabu zake: mbuzi au kondoo wakifika 40 hadi 120 anatoa mmoja, 121 hadi 200 anatoa wawili, 201 hadi 399 anatoa watatu, na baada ya hapo kila mia mmoja. Ng'ombe 30 wana ndama wa mwaka mmoja, na 40 wana wa miaka miwili. Mwenye ng'ombe 70 afanyeje? Anazigawa sabini kuwa 30 na 40, anatoa mmoja wa mwaka mmoja na mmoja wa miaka miwili. Hii ni hesabu ya kujumlisha ambayo mtoto wa darasa la 2 anaiweza, lakini wazee wengi wanaikimbia. (Tunazungumzia wanyama wanaolishwa malishoni sehemu kubwa ya mwaka, kama ilivyofafanuliwa katika vitabu vya Fiqh.)

Na mkulima aliyevuna mahindi kwa maji ya mvua, mavuno yake yakifikia nisabu ya wasaq 5, ambayo wanachuoni wengi wa zama hizi wanaikadiria kuwa karibu kilo 650, anatoa sehemu ya kumi. Gunia 20 za kilo 100 ni kilo 2,000, hivyo zakaah yake ni gunia 2. Kama amemwagilia kwa gharama zake, anatoa nusu ya hiyo, yaani gunia 1. Asiyejua asilimia atatoa pungufu na kubaki na haki ya masikini ghalani mwake, au ataacha kabisa kwa kuona ni jambo gumu.

Mirathi ndiyo zaidi. Tuseme mtu amefariki akaacha mke mmoja, mtoto wa kiume mmoja na mabinti wawili, na mali yake ni ng'ombe 32 baada ya kulipwa madeni na wasia. Mke ana thumni, yaani moja ya nane: ng'ombe 4. Wanabaki 28. Mwanamume ana fungu la wanawake wawili, hivyo mafungu ni manne: 2 ya kijana, na 1 kwa kila binti. 28 ukigawa kwa 4 ni 7. Kijana anapata 14, kila binti 7. Jumla 4 na 14 na 7 na 7 ni 32. Binti anayeijua hesabu hii hawezi kuambiwa na kaka yake wala ami yake kuwa fungu lake ni ng'ombe watatu akanyamaza kwa kutojua.

Ndiyo maana wanachuoni wetu hawakuitenga hesabu na Dini. Muhammad bin Muusa al-Khwaarizmi, aliyeishi Baghdad katika zama za Khalifa al-Ma-amuun, aliandika kitabu chake cha al-jabr karibu na mwaka 820 Miylaadiyyah, na sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu masuala ya wasia na mirathi. Jina la elimu ya aljebra limetokana na kitabu hicho. Na jina lake mwenyewe, lilipopita katika ndimi za Kizungu, ndilo lililozaa neno algorithimu, yaani utaratibu wa hatua kwa hatua ambao kila programu ya simu inaufuata. Kwa hiyo mtoto wa Kiislamu anayejifunza hesabu kwa simu hajaingia katika nyumba ya watu.

Tusisahau na soko. Mkulima huuza gunia la lumbesa kwa bei ya gunia la kawaida. Tuseme lumbesa ina kilo 130 na mahindi ni shilingi 600 kwa kilo. Kilo 30 za ziada ni shilingi 18,000 kwa kila gunia. Akiuza gunia 10, amepoteza shilingi 180,000. Sheria ya Vipimo ya nchi hairuhusu lumbesa, na kabla ya sheria hiyo Allah ameshawaonya wanaopunja vipimo katika Suwrat al-Mutwaffifiyn. Lakini aliyepunjwa na hajui kuwa amepunjwa, nani atamdai kwa niaba yake? Mtoto anayejua kuzidisha anaweza kusimama karibu na mzani wa baba yake.

HALI ILIVYO

Tatizo ni kubwa, tusijidanganye. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2022 hapa Tanzania, takriban mtahiniwa mmoja tu kati ya watano ndiye aliyefaulu Hisabati. Wengi waliofeli hawakuanza kufeli kidato cha nne. Walianza darasa la 2 na la 3, pale waliposhindwa kuelewa makumi na mamoja, kisha somo likaendelea mbele na wao wakabaki pale pale. Hesabu ni kama ngazi. Ukikatika kidato kimoja, vya juu yake vyote havikufai.

Hebu tutazame mfano. Mtoto anaulizwa 47 kujumlisha 38. Anaandika 715. Mwenye haraka atamwita mjinga. Lakini mtoto huyu amefanya kazi: 4 na 3 ni 7, na 7 na 8 ni 15, akaziandika pamoja. Ambacho hajakielewa ni kuwa 15 ina kumi moja ndani yake inayotakiwa kwenda upande wa makumi, jibu liwe 85. Mwalimu mwenye watoto wachache atakaa naye, atampa vijiti, atafunga kumi kumi, naye ataelewa kwa dakika chache. Mwalimu mwenye watoto mia moja ataweka alama ya kosa na kuendelea. Siku inayofuata ni kuzidisha, na yule mtoto bado ana 715 kichwani mwake.

MICHEZO HII INAFANYA KAZI VIPI

Programu nzuri ya hesabu inafanya mambo manne.

La kwanza, inaanzia pale alipo mtoto na si pale lilipo darasa. Inampa maswali mepesi, inaangalia anapokwama, na inamrudisha hapo. Aliyeandika 715 hapewi swali jingine la aina ile ile. Anaonyeshwa vijiti 15, anaambiwa akusanye kumi vifungwe, kisha avipeleke upande wa makumi.

La pili, inamjibu papo hapo. Mtoto anayesahihishiwa daftari baada ya siku tatu amekwisha sahau alichofikiri wakati anaandika.

La tatu, hamcheki mtu. Wako watoto ambao hawanyooshi mkono darasani kwa kuogopa kuchekwa. Kwenye mchezo atakosea mara ishirini na hakuna atakayejua isipokuwa yeye.

La nne, inamfanya arudie bila kuchoka. Kuzijua jumla na tabuleti za kuzidisha kunahitaji kurudia sana, na mtoto anayekataa kurudia kwenye daftari anakubali kurudia kwenye mchezo.

Na jambo hili la mtoto kujifunza kwa kucheza si geni kwetu. Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) alimuacha mama wa Waumini 'Aaishah (Radhiya Allahu 'anhaa) acheze na wanasesere wake, na alikuwa akimliwaza mtoto Abu 'Umayr kuhusu kindege chake alichokuwa akicheza nacho, kama ilivyopokelewa katika Swahiyh al-Bukhaariy na Muslim. Hata hapa kwetu, bao lenye mashimo 32 na kete 64 ni darasa la hesabu. Mchezaji anagawa, anahesabu mbele na kupiga mahesabu ya mizunguko kabla hajainua kete. Kama hakuna kamari ndani yake wala halimpitishii mtu wakati wa Swalah, mtoto atanufaika nalo.

IMEJARIBIWA WAPI

Jaribio kubwa lililo karibu nasi lilifanyika hapa hapa Tanzania, mkoani Tanga. Kuanzia mwaka 2017, kwa muda wa miezi 15, watoto wapatao 3,000 wa vijiji 170 walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kusoma, kuandika na kuhesabu. Hayo yalikuwa mashindano ya Global Learning XPRIZE, yakiendeshwa kwa ushirikiano na serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Vijiji viliwekewa vituo vya kuchajia kwa sola, kwa kuwa vingi vilikuwa havina umeme. Kabla ya kuanza, asilimia 74 ya watoto hao walisemekana hawajawahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwishoni idadi ya wasioweza kusoma neno ilikuwa imepungua kwa nusu, na upande wa hesabu pia walipiga hatua. Mwezi Mei 2019 zilitangazwa timu mbili kuwa washindi, Kitkit School na onebillion, zikagawana zawadi ya dola milioni 10. Jambo muhimu kwetu ni kuwa timu zote tano zilizofika fainali zilitakiwa kuziweka programu zao wazi ili mtu yeyote aweze kuzichukua na kuzitumia.

Wasomaji wetu wataona kuwa watoto wale walikuwa wa vijijini, kama wa Kaniha. Hawakuwa watoto wa mabwanyenye wa mjini.

Kabla ya hapo, mwaka 2013, programu ya hesabu ya onebillion ilikuwa imejaribiwa katika shule moja ya msingi jijini Lilongwe, Malawi, kwa lugha ya Kichewa na kwa muda wa wiki 8. Watafiti waligawa watoto katika makundi. Kundi moja lilipata vishikwambi vyenye hesabu, jingine vishikwambi vile vile vyenye mambo mengine, na jingine liliendelea na masomo ya kawaida. Waliotumia programu ya hesabu, hasa wa darasa la 2 na la 3, waliwapita wenzao. Kinachofundisha basi ni kile kilichomo ndani ya chombo. Mtoto aliyeshika simu akatazama vikatuni mchana kutwa hakupata hesabu kwa kuigusa simu.

Na huko Delhi, India, mwaka 2015 watoto wa shule walihudhuria vituo vya baada ya masomo vyenye programu iitwayo Mindspark, ambayo humpa kila mtoto maswali ya kiwango chake. Kwa muda wa miezi minne na nusu tu walipata maendeleo makubwa ya hesabu kuliko wenzao, na waliokuwa dhaifu zaidi walinufaika pia.

Lakini tuwe waadilifu, tutaje na yaliyoshindikana. Nchini Peru serikali iligawa kompyuta ndogo kwa watoto wa shule za vijijini. Utafiti uliotolewa mwaka 2012, uliofanyika katika shule 319, haukuona maendeleo yoyote ya hesabu wala ya kusoma. Kompyuta zilikuwepo na watoto walizichezea, ila hazikufungamanishwa na somo, na walimu hawakuandaliwa vya kutosha. Kwa hiyo anayedhani kuwa atanunua kishikwambi, amkabidhi mtoto, kisha aende zake shamba na jioni akute mtoto amekuwa mwanahesabu, ajue kuwa hilo limeshajaribiwa na halikuleta kitu.

MIPAKA YA KISHARIA

Asili ya mambo ya kidunia ni kuruhusiwa mpaka ipatikane dalili ya kukataza. Chombo kama simu hukmu yake inafuata matumizi yake. Mchezo wa kumfundisha mtoto hesabu unaruhusiwa, na unaweza kuwa na thawabu kwa mzazi akinuia kheri, kwa kuchunga yafuatayo:

1. Usiwe na kamari. Allah ameikataza kamari katika Suwrat al-Maaidah, Aayah ya 90 na 91. Nyota na pointi anazopata mtoto kwa kujibu sawa si kamari, kwa kuwa hakuweka mali wala hakuna aliyeliwa. Ama michezo inayouza kwa fedha masanduku ya bahati ambayo hujui ndani yake mna nini, hiyo inaingia katika kamari. Programu nyingi za bure huleta pia matangazo ya kubeti katikati ya mchezo. Vijijini kwetu zimeshaingia mashine za kutumbukiza sarafu ambazo vijana huziita dubwi, zenye taa na milio kama ya mchezo wa mtoto. Mtoto aliyezoeshwa kubonyeza bila kufundishwa tofauti, ataiona mashine ile kuwa ni ndugu ya simu ya baba. Mfundisheni tofauti hiyo mapema.

2. Upatikane na usalama wa yaliyomo. Usiwe na shirki, uchawi, picha za uchi wala matusi. Ama picha za vikatuni vya kufundishia, wanachuoni wengi wa zama hizi wamezifanyia wepesi kwa watoto, wakizikisia na wanasesere wa 'Aaishah (Radhiya Allahu 'anhaa).

3. Muziki. Wengi katika wanachuoni wanaharamisha ala za muziki, na programu nyingi za watoto zina muziki. Kuzima sauti yote kutamfanya mtoto asiyejua kusoma akose maelekezo. Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio uangalie kama muziki wa nyuma unaweza kuzimwa ukabaki usemi. Ukikosa, kaa naye umsomee maelekezo wewe mwenyewe sauti ikiwa imezimwa, nayo ni bora kwenu nyote wawili.

4. Isipitwe Swalah, wala Qur-aan, wala kazi za nyumbani zinazomfaa. Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) ametufundisha kuwa watu wengi wanapata khasara katika neema mbili, afya na wasaa. Nusu saa kwa siku inamtosha mtoto wa shule ya msingi. Kwa wadogo zaidi, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2019 limeshauri kuwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ndiyo bora.

5. Uadilifu baina ya watoto. Mara nyingi simu hupewa mvulana, na msichana akaambiwa aende kuteka maji. Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) ameamrisha kuwafanyia watoto uadilifu. Kama ni nusu saa kwa kijana, basi ni nusu saa kwa binti, na maji wateke wote.

MZAZI WA KANIHA AFANYEJE

Huna haja ya kuwa na intaneti kila siku. Siku unayokwenda mjini penye mtandao mzuri, pakua programu moja tu ya hesabu yenye Kiswahili na inayofanya kazi bila intaneti. Ijaribu wewe kwanza, icheze mpaka mwisho wa hatua ya kwanza, uone ina nini. Ukirudi nyumbani, zima data kabla hujampa mtoto simu. Kwa kufanya hivyo umeokoa bando, umeyafunga matangazo mengi ya kubeti, na umeifunga milango ya video zisizo na mwisho.

Panga wakati maalumu, kwa mfano baina ya Swalah ya Alasiri na Magharibi, na simu itumike sebuleni au uani mbele za watu, si chumbani wala chini ya shuka. Kama watoto ni watatu na simu ni moja, wacheze kwa zamu, na wasiokuwa na zamu wahesabu pamoja na mwenzao kwa maharage au vijiti. Hesabu ya kwenye kioo ikikutana na maharage mkononi ndipo inapoingia kichwani.

Asiyekuwa na simu ya kupangusa naye hajafungiwa mlango. Kipindi cha Ubongo Kids, kilichoanza mwaka 2014 na kutengenezwa Dar es Salaam, kimekuwa kikifundisha hesabu kwa hadithi za vikatuni kupitia televisheni. Mwenye televisheni atazame pamoja na mtoto kisha amuulize maswali, na suala la muziki tuliloeleza litazamwe hapo pia.

Tunawashauri pia maustadh wa madrasa na kamati za misikiti. Kishikwambi kimoja kilichonunuliwa kwa michango, kikachajiwa kwa sola ya msikiti na kutunzwa na mtu mwaminifu, kinaweza kuhudumia watoto wengi kwa zamu za siku za mapumziko. Ustadh akimaliza somo la Zakaah, awape watoto hesabu za mbuzi na gunia. Akifundisha mirathi, awape ng'ombe 32 wawagawe. Na mwalimu wa shule ashirikishwe, kwani yeye ndiye anayejua mtoto gani amekwama wapi. Simu haikuja kuchukua nafasi yake.

Na baada ya wiki chache mpime mtoto nje ya simu. Mpe karatasi na kalamu, au mpeleke dukani ukamwambie ahesabu chenji. Akiweza, programu inamsaidia. Akiwa anapanda hatua kwenye mchezo huku dukani hajui chenji, basi amejifunza kubonyeza tu, na ni wakati wa kubadilisha programu au kukaa naye zaidi.

KWA KUMALIZIA

Kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga, kama alivyotufundisha Mtume wetu (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam). Simu imeshaingia nyumbani. Suala lililobaki ni nani anayeiongoza. Mzazi akiiacha iende yenyewe, itamfundisha mtoto yale ambayo wenye biashara zao wanayataka. Akiishika kwa dakika thelathini kwa siku, akakaa karibu, akauliza na akasahihisha, inaweza kuwa sababu ya mtoto wa mkulima kujua fungu la masikini katika mavuno, haki ya mama yake katika mirathi, na uzito wa gunia la baba yake kwenye mzani.

Tunamuomba Allah awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa, awakinge na kamari na kila lenye kuwaharibu, awape subira walimu na maustadh wetu, na atutakabalie.

Na Allah Anajua zaidi.